Kibao cha Jumapili

“Koplo, mtu akiharibu mto kidogo, anafungwa kidogo?”

Aliyeuliza hivyo alikuwa Nafuna, jirani yake Koplo Jared katika nyumba za polisi za Ruiru, siku Jared alipomkuta akimwaga maji ya sabuni mtaroni. Jared alicheka akapita. Miezi miwili baadaye, Jumatatu asubuhi mwezi wa Novemba 1958, alikuwa amesimama kando ya mto kule Murera, samaki waliokufa wamelala matumbo juu mbele ya viatu vyake, na swali lile halikumchekesha tena.

“Ndiye huyu,” alisema Hedimani Muigai, msimamizi wa Murera, akielekeza fimbo. “Mbithe, Mkamba anayesuka vyondo vya katani. Jumamosi asubuhi watu watatu walimwona hapa akiosha katani. Jumapili samaki wakaelea, na ndama wangu wawili wakaanza kuhara. Unataka nini zaidi, afande?”

“Nataka kuongea naye kwanza.”

“Ongea tu. Mashtaka yangu yako kortini tayari. Jumatano anahukumiwa. Nimeomba miezi mitatu ndani, akitoka apandishwe lori arudishwe kwao Machakos.”

Mbithe alikuwa ameketi juu ya jiwe pana, goti la kushoto limenyooshwa, mikono juu ya kitenge. Alikuwa mjane wa mtu aliyefanya kazi ya mkonge miaka kumi na saba. Nyumba yake ya udongo ilionekana pale juu, na nyuma ya nyumba, msalaba wa mbao uliopakwa chokaa.

“Habari ya asubuhi, mama.”

“Nzuri, afande. Bwana asifiwe.”

“Jumamosi uliosha katani hapa?”

“Niliosha.”

Muigai alipiga fimbo chini. “Umesikia kwa masikio yako!”

“Nimesikia, mzee. Uliosha kiasi gani, mama?”

“Mafungu manne. Ya vyondo viwili.”

“Unajua kuna amri ya lokesheni? Hakuna kuosha katani, ngozi wala nguo mtoni.”

“Najua. Ilisomwa hata kanisani.”

“Sasa mbona uliosha?”

“Kuosha nyumbani ni madebe mawili ya maji kwa kila fungu, na goti langu limekataa kile kilima. Nikajiambia ni leo tu.” Alimtazama Jared akiandika. “Nilikosa. Andika hivyo. Lakini andika mafungu manne, afande. Usiandike mto mzima.”

Jared aliandika mafungu manne.

“Na Jumapili ulikuja mtoni?”

“Nilikuja kuchota maji ya chai kabla ya ibada.”

“Ukaona nini?”

“Samaki.”

“Na nini kingine?”

Mbithe alikung’uta kitenge chake ingawa hakikuwa na kitu. “Yangu nimekwambia. Ya wengine sikuyaona kwa macho.”

Jared alipiga mstari chini ya neno macho.

Karibu na jiwe kulikuwa na mfuko wa gunia. Muigai aliuinua, akaufungua, akamwaga unga wa kahawia kwenye nyasi. “Na hii? Hii si sumu hii? Hawa watu wa Ukambani wanajua miti yao, afande!”

“Ni gome la kutia rangi,” alisema Mbithe.

“Gome gani? Atakuambia gome, wewe unaamini?”

Mbithe aliinama, akaokota unga kidogo kwa vidole viwili, akautia mdomoni akatafuna. Walimngoja. Alimeza.

“Tukiumwa tumbo tunatafuna,” alisema. “Mzee Muigai, ndama wako wanahara. Wapelekee.”

Muigai alifunga mfuko.

“Mama, nipatie ndoo,” alisema Jared, “na fungu moja la katani ambayo haijaoshwa. Nataka kumtia samaki ndani ya maji ya katani nione atafanya nini.”

“Samaki gani?” aliuliza Muigai. “Wote si hawa wamekufa?”

“Basi tumtafute mmoja aliye hai.”

Mbithe aliwapa ndoo na kiondo kikuukuu cha kuvulia. Wakaondoka kufuata mto kwenda juu, Jared mbele, hedimani nyuma akilalamika juu ya umande.

Jared alihesabu. Katika hatua mia za kwanza aliona samaki kumi na mmoja waliokufa. Hatua mia zilizofuata, kumi na tisa. Baada ya kona, penye matete, thelathini na wawili. Alisimama akaandika.

“Mzee, jiwe la Mbithe liko chini kule. Mbona wafu wanazidi huku juu?”

“Samaki ana mkia, afande. Sumu ikimfikia anakimbia. Wamekimbilia huku wakafia huku.”

“Hilo ni neno la maana,” alisema Jared, akaliandika pia. Muigai alionekana kufurahi.

Kisha Jared alichutama kwenye matete. Mabua yalikuwa na alama ya utando wa kijivu, shubiri nzima juu ya maji, imenyooka kama mstari wa rula. Aligusa kwa kidole. Ulinata na kuteleza. Aliunusa, akamwelekezea Muigai kidole.

“Unasikia harufu gani?”

Muigai alirudisha kichwa nyuma. “Uji uliosahauliwa sufuriani.”

“Mvua ya mwisho ilinyesha lini hapa?”

“Wiki mbili sasa. Mahindi yangu yanalia.”

“Basi nani aliinua mto shubiri moja?”

Muigai aliangalia matete, akaangalia maji, akaangalia matete tena.

“Mafungu manne ya katani hayawezi,” alisema Jared. “Hata yangekuwa mia nne.”

Walipanda zaidi. Matete yote yalikuwa na alama ile, mpaka mahali ambapo mfereji mwembamba ulishuka kutoka kiwanda cha shamba la kahawa, ukaingia mtoni. Mfereji ulikuwa mkavu, lakini maganda mekundu ya kahawa yalikuwa yamekwama kwenye nyasi za ukingo. Hatua tano juu ya mfereji matete yalikuwa safi. Jared alikunja suruali, akaingia majini na kiondo cha Mbithe. Mara ya tatu aliinua kambare mdogo, mzima, mwenye hasira, akamtia ndooni pamoja na maji ya hapo.

Kule chini, mbele ya Mbithe, alimimina kambare na maji yake kwenye karai la mama, kisha akaosha fungu moja la katani ndani ya ndoo mpaka povu la kijani likapanda. Akamtia kambare. Akaweka saa yake juu ya jiwe. Watu watatu wazima wakaketi kumtazama samaki.

“Wee,” alisema Muigai baada ya nusu saa, “wewe ni polisi ama ni karani wa samaki?”

Baada ya saa nzima kambare alikuwa ameinamia upande mmoja, midomo ikifunguka polepole. Muigai aliruka. “Umeona! Ameugua!”

“Ameugua,” alisema Jared. Alimrudisha kwenye karai la maji safi kutoka juu ya mfereji. Muda si mrefu samaki alinyooka, akaanza kuzunguka. “Hakufa. Na hapa alifungiwa ndani ya ndoo, hakuwa na mto wa kukimbilia. Nimeandika yote mawili, mzee. Kosa lipo, na ni la kiasi hiki.”

Mbithe alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepimiwa sukari akaona mizani imetulia.

*

Mchana huo huo Jared aliingia kiwandani. Nyapara alikuwa Urbanus Kiilu, mrefu, penseli nyuma ya sikio, ambaye Murera yote ilimjua kwa sababu ndiye aliyeongoza nyimbo kanisani.

“Nieleze kazi yenu,” alisema Jared. “Mimi kwetu tunajua mahindi tu.”

“Kahawa mbivu inaingia mashineni, inamenywa ganda. Inabaki punje na ute wake. Tunailaza tangini mpaka ute ulegee, kisha tunaiosha na kuianika.”

“Inalala muda gani?”

“Ikimenywa jioni, inalala siku hiyo na kesho yake. Asubuhi ya pili inaoshwa.”

“Na maji ya kuosha?”

“Yanaingia kwenye shimo lile, ardhi inayanywa. Kesho yake shimo liko tayari kwa maosho mengine.”

“Shimo ni moja tu?”

“Moja.”

Jared alipita katikati ya meza za kuanikia. Kila rundo la kahawa lilikuwa na kibao kidogo kilichoandikwa kwa makaa siku ambayo lilioshwa. Alianzia mwisho wa mbali, penye kahawa iliyokauka zaidi, akasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. “Ijumaa. Jumamosi. Jumapili. Jumatatu. Hiyo ni ya wiki iliyopita. Jumanne. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi.” Alisogea hatua moja. “Jumamosi.” Akasogea tena. “Jumatatu, ya leo hii, bado inatona maji.”

Alirudi akasimama katikati ya vibao viwili vya Jumamosi.

“Bwana Urbanus, cha Jumapili kiko wapi?”

“Jumapili hatukuosha.”

“Wiki iliyopita mliosha. Kibao kile pale.”

“Wiki iliyopita tuliosha.” Urbanus alitoa penseli sikioni akairudisha. “Watu wangu kumi na wawili walikosa ibada. Mhubiri akauliza mbele ya kanisa zima, viti vya Urbanus viko wapi? Mimi nimesimama pale mbele na kitabu cha nyimbo, afande. Nilitamani sakafu inimeze.”

“Ukafanya nini?”

“Nikapanga kazi upya, watu wasivunje siku ya Bwana. Ijumaa tulimenya saa sita badala ya jioni. Jumamosi jioni ute ulikuwa umelegea. Asubuhi tuliosha ya Alhamisi, jioni tukaosha ya Ijumaa.”

“Maosho mawili kwa siku moja. Shimo moja.”

Urbanus aligeuka kuliangalia shimo.

“Lilijaa?”

“Lilijaa, likaanza kumwagikia njia ya watu.”

“Nani alifungua lango la mfereji?”

Mashine ilikuwa imezimwa na watu walikuwa wamekwenda kula.

“Ni mimi,” alisema Urbanus. “Kwa mkono huu. Nilifikiri mto ni mkubwa, utayabeba.”

“Na Jumapili uliongoza nyimbo?”

“Niliongoza.”

“Mbithe aliketi wapi?”

“Benchi la pili, mahali pake.” Urbanus aliketi juu ya gunia. “Alikuwa ametoka mtoni. Ule ute una harufu, afande, haufichiki. Aliniangalia nyimbo zote tatu. Nikajua amejua.”

“Leo amehojiwa mbele ya hedimani. Anatakiwa kufungwa na kuhamishwa, aache kaburi la mumewe. Unajua aliniambia nini juu yako?”

“Nini?”

“Hakuna.”

Urbanus alifunika uso.

Jared aliuliza, “Mwenye shamba alijua shimo ni dogo?”

“Nilimwambia mwezi wa nane. Akasema tungoje msimu ujao.”

“Una ushahidi?”

Urbanus alileta daftari la kazi. Tarehe kumi na mbili Agosti, kwa penseli: *Nimemwambia Bwana shimo la pili. Amesema msimu ujao.* Chini yake kulikuwa na herufi mbili za jina la mwenye shamba mwenyewe, za wino, kama alivyotia kila ukurasa. Jared alinakili. Akaomba vile vibao viwili vya Jumamosi, akavifunga kwa uzi.

“Utanifunga?” aliuliza Urbanus.

“Mimi sifungi, naandika. Kufungua lango nimekuandika. Kunyamaza bado sijakuandika, kwa sababu hilo bado unaweza kulirekebisha. Korti ni Jumatano saa tatu.”

*

Mwenyekiti wa korti ya Waafrika pale Ruiru alikuwa Mzee Bedan, mwalimu mstaafu, mwenye wazee wawili kulia na kushoto kwake na kengele ya shule mezani. Chumba kilijaa. Muigai alisoma mashtaka yake akiwa amesimama wima. Mbithe alikiri kuosha mafungu manne, akakana mengine.

Jared alieleza hesabu ya samaki, alama ya matete na ndoo.

“Koplo,” alisema Bedan, “kwa kipimo chako, mama huyu aliharibu kiasi gani?”

“Kiasi cha kumlegeza kambare mmoja ndani ya ndoo kwa saa moja, mzee. Alipotolewa alipona.”

Watu walicheka. Bedan aligonga kengele. “Na wale wengine sitini na zaidi? Nani aliwaua?”

Jared aliweka vibao mezani, kimoja, halafu cha pili. Aliangalia saa. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Alifungua daftari lake kwenye ukurasa wa Urbanus.

“Mzee, aliyefungua maji ni...”

“Ni mimi.”

Urbanus alikuwa mlangoni. Viatu vyake vilikuwa vimejaa udongo mwekundu mpaka kwenye kamba, na begani alibeba majembe mawili. Aliyaegemeza ukutani, akavua kofia, akasema yote tangu viti vya kanisani hadi lango la mfereji. Hakuruka hata benchi la pili, na Jared akasoma nakala ya daftari la kazi. Alipomaliza, alisema, “Shimo la pili nimelianza jana baada ya kazi. Limefika kiunoni.”

Muigai alisimama. “Basi wafungwe wote wawili! Amri ni amri!”

“Amri ni amri,” alikubali Bedan. “Hebu tusomee yote, Mzee Muigai. Usikatize njiani.”

Muigai alisoma. Katani, ngozi, nguo, uchafu wa viwanda. Alipofika mstari wa mwisho sauti yake ilipungua. “...na mifugo itanywa kwenye birika, si mtoni.”

“Ndama wako walikunywa wapi?”

“Birika lina ufa.”

“Tangu lini?”

“Tangu Juni.”

“Kulitengeneza ni kazi ya nani?”

“Ya hedimani!” alijibu mtu mmoja nyuma kabla ya Muigai, na chumba chote kikaangua kicheko. Bedan alingoja mpaka kikaisha chenyewe.

Wazee watatu waliinamiana, wakanong’ona muda mrefu. Kisha Bedan alivaa miwani.

“Mbithe. Ulivunja amri ukijua. Utachimba shimo la kuoshea katani, hatua ishirini kutoka mtoni, na wanawake wote wa vyondo watalitumia. Siku mbili. Kifungo hakuna. Kuhamishwa hakuna. Unakaa Murera.

“Urbanus. Kosa lako ni kubwa kuliko lake, na ulilifunika mwenzako akiwa ameshtakiwa. Shimo la pili utalimaliza kwa mikono yako, baada ya saa za kazi, kabla ya mwezi kwisha. Na Jumapili, pale pale mbele ulipoulizwa viti, utawaeleza watu nani aliua samaki.

“Mzee Muigai. Birika. Wiki moja.”

“Na Bwana mwenye shamba?” aliuliza Muigai, ambaye hakupenda kuwa peke yake. “Daftari limesema alijua. Yeye anachimba nini?”

“Korti hii haimfikii Mzungu, na wewe unajua. Ofisi ya D.C., mkuu wa wilaya, kule Thika inamfikia. Koplo?”

“Barua iko tayari, mzee. Inapanda basi la saa sita, pamoja na nakala ya daftari na hivi vibao.”

“Watasoma?”

“Barua wanaweza kuiweka kando,” alisema Jared. “Vibao vitawaangukia miguuni wakivisukuma. Na nisipojibiwa Ijumaa, naenda mwenyewe Thika kuviulizia. Nitaleta na vingine. Kahawa inaoshwa kila siku.”

Bedan alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Jared aliandika hukumu zote kwenye ukurasa mmoja, na pembeni, kwa herufi ndogo, akaweka jibu la kumpelekea Nafuna: *Hafungwi kidogo. Anachimba kidogo.*

“Mama,” alisema Bedan, “una neno?”

“Hizo hatua ishirini, mzee, zinaanzia ukingoni au kwenye jiwe langu?”

“Ukingoni.”

“Haya. Asante.”

Urbanus alimfuata mpaka ukutani, penye majembe. “Mwaitu, mama yangu, nisamehe. Nilikuona pale benchi la pili, nikaendelea kuimba.”

Mbithe aliyatazama majembe.

“Hili la pili la nani?”

“Yote mawili yangu. Hili moja mpini umelegea, nikaogopa litaniachia njiani.”

Mbithe alishika mpini wa kwanza akautikisa. Ukacheza. Akaurudisha ukutani. Alishika wa pili akautikisa, haukucheza. Aliliinua jembe lile zima, akaliweka begani, akainamisha kichwa kwa wazee, na huku akitanguliza goti lake zuri kwenye kizingiti, akatoka kwenda kupima hatua zake ishirini.